Tairi la Jumamosi

Fisi, wanasema, njia mbili zilimshinda,
akapasuka msamba.
Lakini fisi hakuwa na baiskeli,
wala mama katika nyumba ya wazee ya Kaldemäe,
kilomita arobaini na nane kutoka mlangoni pangu:
ishirini na tisa za lami,
kisha kibao cha buluu, na lami inakatika
kama sentensi ya mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Kumi na tisa zilizobaki ni kokoto.

Nimezipima. Mimi hupima kila kitu.
Miaka ishirini na miwili nakata mapazia
hapa Võru, nyuma ya soko;
sentimita mbili zikipungua
jirani anajua unakula nini.

Matairi ya kwanza aliniachia marehemu Ülo:
milimita ishirini na tatu, membamba kama wivu,
yamejaa upepo hadi ukiyagusa kwa ukucha yanalia.
Kwenye lami yalikwenda kama mkasi kwenye hariri.
Kwenye kokoto yalinihesabia meno, moja moja,
na mara mbili yalinilaza mtaroni
namtazama korongo juu ya nguzo ya umeme,
naye ananitazama,
kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Fundi Heldur akasema: ishirini na nane, basi.
Ukilinenepesha tairi unaburuta gunia.
(Yeye huendesha Jumapili tu, kwenye lami tu, jua likiwaka.)
Binti yangu Triinu, kwa simu kutoka Tartu:
Arobaini na tano, Mama! Kama godoro!
(Yeye hajawahi kuwahi popote.)

Nikatoa utepe wangu wa kupimia,
nikapiga magoti mbele ya fremu
kama fundi mbele ya bibi harusi
asiyetaka kiuno chake kitajwe kwa sauti.
Chuma hakibishani.
Mbele, ndani ya uma, nafasi tele.
Nyuma, pale mirija miwili inapolibana gurudumu,
thelathini na tano, na upenyo kiasi kila upande.
Ukizidisha hapo, tope la Aprili
litakwangua rangi mpaka kutu ipate mlango.

Thelathini na nane mbele, nikasema. Nyuma thelathini na tano.
Katikati laini, lami isilalamike;
kingoni vijino vifupi, vya kung'ata kona.
Heldur akacheka: viatu vya jozi mbili!
Nikamwambia, katika maisha yangu
sijawahi kukuta nyumba
yenye madirisha mawili yanayolingana.

Jumamosi, kwenye lami, nilipoteza dakika sita.
Anayezidai aje dukani.
Penye kibao cha buluu nikashuka,
nikabonyeza valvu, nikahesabu:
kumi na mbili mbele, tisa nyuma.
Upepo wa sebuleni kwangu ukatoka kunusa misonobari.

Halafu kokoto, na vile vituta vilivyopangana
kama ubao wa kufulia,
na tairi likawa linavimeza
jinsi mtu mzima anavyomeza maneno.
Sikuanguka. Korongo alikuwapo. Hatukusalimiana.

Mama alioka mikate kiwandani miaka thelathini na mmoja.
Jina langu lilimtoka kabla ya Krismasi.
Alitoka barazani na blanketi mabegani,
akanipita, akainamia gurudumu la mbele,
akalibonyeza kwa kidole gumba,
akangoja kuona kama shimo litarudi.

"Bado," akasema. "Halijaumuka."

Kweli Mama, bado. Litaumuka nikifika lami.
Nikamwonyesha pampu.
Akaishika kwa mikono miwili, akaipima uzito,
akaniuliza kama tanuri limeshawashwa.